Nilimpa Baba Mkwe Mshale Mmoja Mara Kumi na Mbili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba haraka, kwa sababu ninapoandika ni Jumapili na wanaume wa nyumba hii wanakwenda kuwinda Jumamosi, na mimi tangu jana sijala.

Mimi ni mke wa mtu na ni fundi wa mishale, usicheke. Aliyenifundisha ni baba mkwe wangu, miaka minne sasa, katika chumba cha nyuma chenye meza moja, koleo, gundi na magunia ya manyoya ya bata mzinga, na alinichagua mimi akawaacha wanawe wawili ambao hawana subira ya kukata unyoya ukanyooka, na jambo hilo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hajalimeza mpaka leo, kila akipita mlangoni lazima arushe lake, "Shikamoo fundi mkuu," nami nacheka lakini moyoni inachoma.

Sasa mwezi uliopita walikwenda kuwinda nguruwe pori wanaomaliza mahindi ya watu, kibali wanacho, mvua ikawakuta huko, manyoya ya mishale yakalowa yakalala kama kuku aliyetumbukia kisimani, na shemeji, ambaye ndiye mpiga upinde, akarudi mikono mitupu akatangaza mbele ya wageni kwamba karakana yetu inatengeneza mishale ya kiangazi tu. Nilikasirika, nikaenda duka la vifaa vya michezo, nikaona vibawa vya plastiki, vya kijani, vyepesi, havinywi maji, muuzaji akaniambia siku hizi watu wote wamehamia huko, nikanunua, nikabandua manyoya kwenye mishale yote kumi na miwili ya shemeji, nikayatia moto, nikabandika plastiki. Shemeji alipoiona akasema, "Hapo sawa, shemeji, sasa umekuwa fundi." Mshauri, sifa ilinilevya.

Lakini hakuna mshale unaotoka kwetu bila baba mkwe kuushika, ndivyo alivyozoea, na wiki hiyo alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho, yote mawili yamefungwa bandeji, akaniita akasema, "Niletee, mwanangu, nipapase. Vidole navyo vinaona." Nilijua habari ya plastiki hataki hata kuisikia. Basi nikachukua mshale mmoja wa zamani wenye manyoya, nikampa, akapapasa unyoya wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasema, "Huu sawa, lete mwingine," nikatoka nje ya mlango, nikahesabu mpaka kumi, nikarudi na mshale ule ule. Mara kumi na mbili, mshauri. Mara ya nane akasema, "Mkono wako siku hizi haupishani hata kidogo. Mimi sikuwahi kufika hapo." Nikajibu, "Asante, Baba." Sijui ulimi wa kusema asante niliupata wapi.

Aibu hiyo labda ningeishi nayo. Ila jana, kwa kuwa shemeji ameuacha upinde wake kwetu pamoja na ile mishale ili nibadilishe kamba, atavichukua Ijumaa jioni, nikaona nijaribu uani, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ile ile nikaliacha kwa haraka ya kusifiwa. Upinde wenyewe ni wa mbao tupu, mshale unapita ukigusa mti wa upinde. Wa kwanza ukaingia kwenye gunia la mchanga, vizuri kabisa. Wa pili ukayumba ukagonga ukuta. Wa tatu ukakata kulia, ukatoboa mlango wa bati wa bafu, usawa wa kifua, na mume wangu akachungulia na povu masikioni akauliza ni nani anayebisha hodi kwa fujo hivyo. Alipouona mshale akacheka, akasema, "Mke wangu, kutengeneza na kupiga ni vitu viwili," akarudi kujimwagia maji. Mimi kupiga najua. Nikachukua mishale mitatu ya baba mkwe, yenye manyoya, yote ikaingia kwenye gunia, imekaribiana. Nikautazama upinde, pale mshale unapopita pana mikwaruzo ya kijani. Plastiki inagonga mti.

Na wanavyowinda ni hivi: mume wangu anaingia kichakani akipiga debe ili nguruwe watoke, naye anatokea nyuma yao au pembeni, hajulikani wapi, na shemeji amesimama mbele ameshavuta kamba. Kila nikifumba macho nauona ule mlango wa bati. Naogopa, mshauri. Nikimwambia mume wangu, atamwambia baba yake, na mzee atajua kwamba nilimchezea alipokuwa haoni, yeye aliyenipa kiti chake, na shemeji atapata alichokuwa anakitafuta miaka yote minne. Nimefikiria kuuficha upinde, nimefikiria kujilaza Jumamosi niseme naumwa, nimeomba hata mvua inyeshe kisha nikakumbuka kwamba ni kwa ajili ya mvua hiyo hiyo niliweka plastiki. Bandeji za mzee zinafunguliwa Ijumaa asubuhi.

Naomba uniambie tu, kati ya manyoya na plastiki kipi bora kwa mishale ya kuwindia, ili uandike gazetini nimwoneshe shemeji kwamba wataalamu wamesema, nibadilishe, mambo yaishe kimya kimya.

Ni mimi fundi, nimekonda kwa siku moja.

JIBU

Fundi uliyekonda,

Barua yako imenifika Jumatatu na gazeti hili halitoki mpaka Alhamisi. Namba uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga mara tano, inaita tu. Kwa hiyo sasa tuko wawili tusiolala, na nitakugombeza, vumilia.

Swali lako nalijibu kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Nimemfuata mwalimu mmoja wa shabaha, mtu mzima, akanijibu bila hata kuinua kichwa. Anasema plastiki haina ubaya wake, lakini ni ya pinde zenye kishikizo kinachouweka mshale mbali na mti. Upinde wa mbao tupu unataka unyoya, maana unyoya ukigusa mti unalala, unapita, kisha unasimama tena. Plastiki hailali. Inagonga, na mshale unaondoka umeshapigwa teke. Kuhusu mvua, manyoya unayafunika kwa mfuko mpaka dakika ya kupiga, basi. Nikamwambia, mbona wa kwanza uliingia kwenye gunia? Akaniambia, "Huo ndio mbaya kuliko yote. Ndio utakaomdanganya mpigaji."

Haya, umejibiwa. Ila hukuniandikia kwa ajili ya hilo. Jibu ulikuwa nalo tangu ulipoiona mikwaruzo. Unachotaka ni mimi nikusemee. Umempa mzee mshale mmoja mara kumi na mbili, sasa unataka kumpa shemeji kipande cha gazeti! Hapana, mdogo wangu. Hiyo ni mara ya kumi na tatu.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Mwanamke aliyepewa kiti nyumba ya wakwe kwa kazi ya mikono yake ana haki ya kuogopa kukipoteza. Lakini una hofu mbili na umeziweka sahani moja. Moja ni ya kiti. Nyingine ni ya kifua cha mume wako. Tena yupo mtu ambaye katika barua nzima hukumwogopea hata kidogo, naye ni shemeji. Wewe ungekuwa mjane. Yeye angekuwa amemuua kaka yake kwa mshale aliousifia, na asingejua kwa nini, kwa sababu anayejua ungekuwa umenyamaza. Huyo mwenye maneno mlangoni, unamdai heshima, sawa, lakini hilo hakustahili.

Sasa sikiliza. Kabla hujatafuta maneno, bandua plastiki kwenye mishale yote kumi na miwili. Usibakize hata mmoja wa kujaribia. Nakwambia uanze na kisu kwa sababu ujasiri wa kusema huishia mlangoni, nami yamenikuta. Mshale mtupu mkiani hakuna atakayeubeba, kwa hiyo hata ulimi ukigoma, safari imekwama. Nguruwe watakula mahindi wiki moja zaidi, waache washibe.

Ukimaliza, mwite mume wako umpeleke bafuni, mwambie haukuwa mkono wako. Aingize kidole kwenye lile tundu, aone limefika wapi mwilini mwake.

Halafu uende kwa mzee leo hii, kabla ya Ijumaa. Macho yake yasiwe ndiyo yatakayomwambia. Usimtume mume, usianze na mvua wala muuzaji wa duka, na kilio kiweke mpaka umalize. Sema, "Baba, siku ile nilikupa mshale mmoja mara kumi na mbili," kisha nyamaza, umwachie yeye nafasi ya kusema. Sikuahidi kwamba atakusamehe. Anaweza kukutoa karakana. Akikutoa, toka, acha koleo mezani, na kesho yake umwamkie kama kawaida. Shemeji atasema mpaka achoke, na wiki hii mpe nafasi aseme.

Na mume wako akinuna, mpakulie chakula. Akinuna mwezi mzima, mpakulie mwezi mzima. Aliyenuna yuko nyumbani.

Weka gazeti chini, shika kisu.