Neno Nililomfundisha Karani

Nyumbani kwa fundi cherehani,
Chumba cha uani.
Alhamisi, saa nane mchana.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Hata hiyo salamu naiandika mkono ukisita, utajua kwa nini ukifika mbele. Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Yule bibi unayemuuguza amekubali kula, au bado anakutemea uji? Sisi huku wazima, kwa maana ya kupumua. Presha ya mama imetulia. Baba macho yanazidi kumsumbua, siku hizi namtungia uzi mimi, halafu ananiambia nimetunga vibaya.

Mwanao anaendelea vizuri. Naanza na hilo kabla moyo haujakuruka.

Najua mama alikwambia kwenye simu kwamba Karani amemng'ata "kidogo". Si kidogo, dada. Ni mkono wa kulia, chini ya kiwiko, meno manne yameingia. Vidole vyote anavikunja na kuvikunjua, nimemhesabisha mwenyewe mara nyingi mpaka kanichoka. Muuguzi alimwosha kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, mtoto analia mpaka sauti inakatika. Hawakumshona, walisema jeraha la mbwa halifungwi haraka. Sindano za kichaa cha mbwa ameshachomwa mbili, zilizobaki tarehe zake ziko kwenye kadi, na mama kaibandika ukutani juu ya kitanda.

Karani yuko kwenye mnyororo nyuma ya choo. Daktari wa mifugo alisema asiuawe kwanza, aangaliwe siku kumi, akibaki mzima basi kichaa hana. Leo ya tano. Anakula, anakunywa, anatikisa mkia kila mtu akipita, wala hajui kama yuko kizuizini. Bado anakaa vilevile, anakodolea wanaoingia na wanaotoka kama anawaandika kwenye daftari. Ni yuleyule uliyempa jina.

Sasa nisikilize. Baba amesema mwenye mbwa na mama wa mtoto ni mtu mmoja, kwa hiyo neno la mwisho ni lako, utalisema Jumapili ukipiga simu. Achomwe sindano ya kulala moja kwa moja, au apewe mlinzi wa ghala la saruji anayemtaka, au abaki. Baba mwenyewe anataka sindano. Juzi mezani alisema, "Mbwa akiwa na sababu, unaondoa sababu. Huyu ana sababu gani? Miaka sita hajagusa mtu, leo anapewa mkate na mjukuu wangu, anamtafuna!"

Mama akasema, "Kazeeka, kageuka."

"Mbona na wewe umezeeka na hujaning'ata?"

"Nangoja uzubae."

Tukacheka kidogo, halafu kila mtu akaona aibu kucheka. Mimi nilikuwa na skrubu za simu ya mteja mdomoni, nikazitumia kama kisingizio cha kutosema kitu.

Sababu ipo, dada. Sababu ni mimi. Kwenye simu siwezi kukwambia, mama husimama palepale mlangoni anadaka kila neno, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka wezi walivyoingia kwa kinyozi, wakabeba hadi kioo? Usingizi ulinipotea. Na si unanijua, wazo likiniingia nimekwisha. Nikatafuta video za kufundisha mbwa, nikajiambia kama nilijifunza kutengeneza simu mwenyewe, mbwa ni nini? Nikachukua koti kuukuu la baba, nikakata mkono, nikaushindilia vipande vya vitambaa. Mama akienda sokoni, mimi na Karani tunaingia kazini uani. Nikisema "shika", anarukia ule mkono wa koti, anauma, ananing'inia. Wiki mbili tu! Nilifurahi, dada, nilimkumbatia mpaka akapiga chafya. Video ilikuwa na sehemu ya pili. Bando likaisha. Halafu simu za wateja zikanijia nyingi, koti nikalitupa chini ya kitanda, nikasahau.

Jumamosi mwanao alikuja kukaa na mimi kwenye meza yangu, pale mbele ya duka la baba. Alivaa lile sweta lako la kijivu. Hataki likatwe mikono, anasema bado lina harufu yako, basi mikono inamning'inia hadi chini ya vidole. Ana kipande cha mkate, kakishika hukohuko ndani ya sweta. Nikamsikia, "Karani, shika." Mimi nachomelea tundu la chaji la simu, risasi ya kuungia imeyeyuka, ukitikisika umeharibu. "Shika basi, bwana."

Hakuruka, dada. Hili hakuna anayelijua. Karani aligeuka akanitazama mimi. Nilimwona kwa pembe ya jicho, kasimama, anauliza. Ningesema "aa" tu, hata kukohoa. Sikuinua kichwa. Mtoto akasema mara ya tatu, ndipo akarukia mkono wa sweta.

Na hakuachia. Atajuaje kuachia wakati sikumfundisha? Baba alimpanua taya kwa ile rula yake ya mbao ya kupimia, rula ikavunjika vipande viwili.

Jumapili nilijifungia chooni nikaangalia ile sehemu ya pili. Jambo la kwanza kabisa analosema yule mwalimu: chagua neno ambalo nyumbani kwenu halisemwi. La pili: mfundishe kuachia kabla hujamfundisha kukamata. Nikazima simu. Nilikaa mle mpaka mama akagonga.

Mwanao anamwambia kila anayekuja kumpa pole, "Nilimwambia shika." Wanamjibu, "Ndiyo mama, ulimpa vizuri, yeye ndiye mwenye roho mbaya." Hakuna anayesikia anachosema. Jana namfunga bendeji, akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, nilisema vibaya?" Nikamwambia hapana. Nikaishia hapo. Ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kusema lililobaki, nami nikakata plasta kwa meno.

Usidhani nimekaa tu. Tangu Jumatatu kila asubuhi naenda kwenye mnyororo, nakaa mbali, nasema "shika" polepole, nikitaka asikie hivi na atulie. Anasimama. Masikio juu, misuli imekaza, ananingoja mimi nimtolee mkono wa koti. Nimemfundisha "achia", ananiangalia kama nimeanza kuchanganyikiwa. Sikuwahi kujua tunalisema neno hili mara ngapi kwa siku. Shika sahani. Shika mlango. Shika adabu yako. Juzi mtoto wa jirani kapita uani, kamsalimia mama, "Shikamoo," mnyororo ukavutika mpaka kigingi kikacheza. Mama akasema, "Unaona? Sasa anachukia watoto wote." Na huko kwa mlinzi, wapakiaji wanashinda wakiitana shika huku, shika kule, na mifuko ya saruji mabegani. Atawamaliza.

Nimeiacha barua hii hapa nikaenda kwa baba. Nimerudi. Sikutaka usome kitu ambacho yeye hajakisikia.

Nilimweleza nikiwa nimesimama, koti mkononi. Alisimamisha cherehani. Akalipokea lile koti, akaingiza kidole kwenye matundu ya meno, moja moja, kama anavyokagua nguo iliyoletwa kuwekwa kiraka. Nilitaka anipige, kweli, ingekuwa rahisi. Akasema, "Kwa hiyo alitii."

Nikasema ndiyo.

"Mwandikie dada yako yote. Usipunguze hata moja. Mama yako nitamwambia mimi." Halafu akaninyooshea sindano na uzi nimtungie. Siku zote huninyooshea huku akisema lile neno. Leo alininyooshea kimya, mkono ukabaki hewani mpaka nikapokea.

Dada, sikuombi unisamehe kwenye barua. Utanisema Jumapili, simu nitapokea mimi. Siombi hata Karani abaki. Nimezunguka kila upande siku tano hizi, na kila nikifika naona sindano. Sijapata nyumba isiyosema hilo neno, na mimi kulifuta siwezi. Lakini usikubali iandikwe kwamba alikuwa mbaya. Na mwanao akija kwenye simu, mwambie hakusema vibaya. Nami nitamwambia leo, kabla hajalala mchana wake, ila anayemwamini ni wewe.

Ukisema achomwe, nitakuwa naye mimi. Daktari aliuliza nani atamtuliza, nikamwambia mimi. Najua atageuka anitazame aulize, kama Jumamosi. Safari hii nitainua kichwa.

Barua nampa dereva wa lori la mayai, anaondoka jioni, ameapa itakufikia kabla ya Jumapili. Mama anakusalimu sana, anasema vaa soksi. Baba anakusalimu, hakusema zaidi. Kinyozi naye anakuulizia, amepata kioo kingine, kina ufa. Mwanao amekuchorea mkono wenye bendeji na mbwa pembeni, picha nimeikunjia humu, mtazame vizuri huyo mbwa: kamchora anacheka.

Mungu akulinde huko uliko, aiponye mikono inayouguza wazee wa watu, na akupe maneno ya Jumapili.

Mdogo wako akupendaye hata ukimkasirikia,

Waya