Kipande cha Mume Wangu Kimo Kwenye Gunia la Mpunga

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla roho haijanipasuka, maana naandika kwa wivu, ndiyo, wivu, sitaki kuupamba. Mimi ni Balbina, mkulima wa mpunga hapa Mofu, mume wangu anaitwa Gosbert, na mwaka jana alianza kunenepa uso na tumbo huku miguu inakonda, presha iko juu, nami badala ya kumwonea huruma nikawa namuuliza kila siku, "Nani anakulisha huko nje?" kumbe maskini alikuwa na uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, wakampasua wakautoa, nikadhani yameisha.

Hayajaisha. Daktari akasema uvimbe ule kwa kuutazama tu kwenye hadubini haueleweki, unaweza kuwa wa kawaida, unaweza kuwa saratani, kwa hiyo kipande chake kilichogandishwa kwenye nta kipelekwe Dar es Salaam kikapakwe dawa za kuonyesha alama zake, tukakabidhiwa ndani ya bahasha tukipeleke wenyewe. Sasa nani yuko kwenye hiyo maabara? Dorika! Dorika yule yule aliyekuwa mchumba wa Gosbert kabla yangu, ambaye mama mkwe mpaka leo nikipakua wali anasema, "Wa Dorika haukuwa bokoboko." Gosbert kwa furaha ananiambia, "Mama Teddy, tuna bahati, mtu wetu yumo ndani, tumpe kondakta wa basi, Dorika atapokea stendi." Mtu wetu! Mama, mimi nimemzalia, nimemwogesha na mshono tumboni, halafu nyama yake ya ndani kabisa akaishike Dorika, aipake rangi, ajue siri ya mwili wa mume wangu kabla yangu?

Nikachukua bahasha nikasema naipeleka stendi Ifakara. Sikuipeleka. Tangu palizi mpaka sasa tunaamia ndege wasile mashuke, imo stoo ndani ya gunia la mpunga. Simu yetu ni moja na haitoki kwenye khanga yangu, Dorika akipiga namwambia tumebadilisha maabara, Gosbert akiuliza namwambia Dorika bado anashughulikia. Jana akasema, "Dorika akichelewa hivi ujue ameona kitu kibaya, anaogopa kuniambia," akasukuma sahani. Nikisema ukweli ataniacha, na Dorika ndiye atakuwa mkombozi. Je, nikisema kondakta alikipoteza, hawawezi kumkata kingine?

Balbina, Mofu

*

Marahaba, Balbina. Pole kwa kuuguza, na pole kwa huyo mama mkwe mwenye kumbukumbu ndefu. Huruma yangu inaishia hapo.

Wamkate kingine wapi? Uvimbe umeshatoka! Huenda hospitali wamebaki na kipande, huenda hawakubaki nacho, na wewe unacheza kamari kwa mwili wa mwenzio. Wewe ni mkulima, unajua mpunga mwitu unavyofanana na mpunga wako mpaka uchanue. Vivimbe vya tezi hiyo ndivyo vilivyo. Dawa zile zinaonyesha, kwa mfano, kama chembe zake zinagawanyika kwa kasi. Alama moja haitoshi. Daktari huzipima kadhaa pamoja, na sura ya chembe, na ukubwa wa uvimbe, ndipo aseme. Ukiwa wa kawaida, Gosbert atarudi kliniki kuangaliwa. Ukiwa saratani, kuna matibabu, na saratani haikungojei umalize kununa.

Eti Dorika atajua siri ya mwili wake! Mama, atakachoshika kinaenea kwenye kidole gumba. Mwanaume mzima unaye wewe nyumbani. Na mwanamke anayepiga simu kuuliza kipimo kiko wapi anafanya kazi yake, tena vizuri kuliko wewe unavyofanya yako.

Gosbert naye simwachi. Nyama ya mgonjwa si kiroba cha mchele cha kumpa kondakta, na mambo ya mchumba wa zamani mtu hukaa na mkewe kwanza wakayazungumza. Hilo utamwambia, lakini siku nyingine. Leo huna mdomo wa kumlaumu mtu.

Toa bahasha hiyo sasa hivi. Usifungue, usioshe kitu, usiweke juani, maana nta ikiyeyuka umekwisha. Kaa na mumeo umwambie yote kwa kinywa chako kabla Dorika hajamwambia. Kisha nendeni wote wawili hospitali mlikopewa bahasha, wakikague kipande, wakitume kwa utaratibu wao. Wakisema mkipeleke wenyewe, pandeni basi wote, na ukimkuta Dorika mwombe radhi kwa zile simu.

Unaogopa atakuacha. Huenda akahamia kwa mama yake, akanuna, akale huo wali unaosifiwa. Atakuwa hai. Sasa hivi yuko hapo ndani anaamini kuna watu Dar wamekiona kifo chake wakanyamaza. Hakuna aliyeona kitu, Balbina, na wewe peke yako ndiye unayejua hivyo. Acha kusoma, nenda kamwambie.