Supu ya Zamu Yako

Matrah, Maskati
1969

Mpendwa mke mwenzangu,

Najua neno hilo la kwanza limekushangaza. Limenishangaza na mimi, lakini wino umeshakauka na karatasi ni hii moja, basi na libaki.

Sisi wazima, ila bwana wetu. Homa inakwenda na kurudi tangu joto lilipoanza, na sasa chakula hakipiti. Nimempikia uji wa mchele, nimempikia bokoboko laini la kuku, mwanangu Zuhura amemkamulia makomamanga. Anafungua kinywa kwa adabu, anameza kijiko kimoja, anageukia ukutani. Daktari ametuambia wazi kwamba dawa peke yake haitamwinua. Nikamuuliza roho yake inataka nini. Akasema, "N'nataka supu ya tambi. Ile ya zamu ya Salma."

Nilidhani nitakasirika. Nikaisubiri hasira, haikuja. Kilichonijia ni wasiwasi wa mpishi, maana supu hiyo sikupata kuionja hata siku moja, na sasa natakiwa niipike.

Unayakumbuka maisha yetu kule Unguja, mtaa wa Malindi. Mimi juu, wewe chini, na bwana akipanda na kushuka ngazi kwa zamu. Siku zako, ikifika alasiri, harufu ya mifupa ya kuku, kamba wakavu na tangawizi ilipanda mpaka chumbani kwangu. Hukuacha kuniletea bakuli. Nililipokea, nikampa Zuhura anywe, na bakuli likarudi kwako na visheti, kwani chombo cha watu hakirudi kitupu. Heshima ilitimia pande zote mbili na mapenzi hayakutajwa. Kwangu mimi tambi zilikuwa za sukari na iliki. Hizo za chumvi, zinazoogelea katika maji, niliziona ni mambo ya baba yako, Mchina wa Kantoni, na majongoo yake ya pwani aliyoyaanika hata mtaa mzima ukaziba pua.

Lakini kutazama nilitazama. Dirisha langu lilielekea uani kwako, na kutazama hakumpunguzii mtu kitu. Nilikuona ukikanda unga kwa mayai na maji ya magadi kidogo, mpaka donge likawa gumu kama sabuni. Halafu ndiyo kituko chenyewe. Unachomeka ncha ya mwanzi mnene kwenye tundu la ukuta, unaliweka donge chini yake juu ya ubao, unakalia ncha ya pili, mguu mmoja hewani, unaruka na kuruka kama mtoto aliyepanda punda. Siku moja kicheko kilinitoka. Uliinua uso, wala hukuona haya.

"Kwao baba ndivyo wanavyokanda," ukasema. "Mikono haitoshi, inataka uzito. Shuka ujaribu, bi mkubwa, uzito wewe unao."

Nilifunga dirisha.

Basi wiki iliyopita nilishuka. Magadi sikuyaona sokoni, nikachoma makuti ya mtende nikachuja maji ya majivu. Mwanzi pia sikuupata. Kulikuwa na boriti ya mkoko iliyobaki walipotengeneza dari, nayo imeletwa kutoka kwetu kama sisi, nikaichomeka ukutani nikaipanda, na mvi zangu hizi. Jirani yetu alichungulia akamuuliza Zuhura kwa Kiarabu kama mama yake amepandwa na jini. Zuhura akamwambia mama anapika. Jirani akamwomba Mungu atuhifadhi, akaenda zake, na nadhani habari imeshafika bandarini.

Mara ya kwanza tambi zilikatikakatika sufuriani zikawa uji. Niliongeza mayai, nikaongeza kuruka, na mara ya pili zikashika, nyembamba na ndefu kama zako. Supu ilinisumbua kwa namna nyingine. Mkono uliniwasha kutia ndimu, ukaniwasha kutia bizari, na tui pia, kwani mpishi wa Unguja akiona maji matupu hudhani amesahau kitu. Nikajizuia. Kamba wakavu walikuwa haba, nikajaliza na dagaa wa hapa, utanisamehe.

Nikaionja mwenyewe kwanza, maana mgonjwa halishwi usichokijua. Salma, ilikuwa tamu. Miaka yote ile utamu huo ulikuwa ukinipandia ngazi, nami naurudishia visheti. Nilikaa jikoni na kijiko mkononi, nikashikwa na hamu. Si ya Unguja, wala ya nyumba. Nilikutaka wewe, uwe uani unaruka juu ya mwanzi wako, nami niwe juu nakucheka.

Bwana alikula bakuli zima. Alizivuta tambi kwa mdomo, kwa sauti, kisha akanitazama kwa macho ambayo mimi sijapata kutazamwa nayo.

"Ahsante, Salma," akasema.

Zuhura alitaka kumsahihisha, nikamkanya kwa jicho. Nikajibu, "Starehe, bwana."

Tangu siku hiyo anakula, na nguvu zinarejea kidogo kidogo. Akili ndiyo imebaki kwako. Ananiita Salma, naitika. Ananiuliza kama baba yako hajambo, namwambia hajambo, wala sijui kama yu hai. Tulipohamia huku wewe ulibaki Unguja kumuuguza, na bwana akaahidi kukuletea ruhusa ya kuingia huku. Aliiomba kweli, hilo nalishuhudia, ila haikutoka. Barua zetu nazo sijui zinaishia wapi. Hii naitia mkononi mwa mtu anayekwenda Mombasa.

Ukipata njia yoyote, njoo. Nakuita mimi, usingoje kuitwa na bwana. Na usikawie. Jana wanawake walikuja kumjulia hali, akaita "Salma" kutoka chumbani. Niliinuka, nikaitika, nikamshika mkono. Nilipoketi tena nikaona wageni wananitazama, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba jina langu ni jingine.

Mungu akuweke mpaka tuonane.

Mimi, mke mwenzio