Bafle Zako Zimefika Lubondja

Kaka Etabo,

Redio yako imerudi mu gari. Nakuambia hii mbele ya yote juu nakujua: ungefufuka leo, ungeuliza redio kwanza, kisha bibi yako, kisha batoto. Imerudi pamoja na ampli ya kukuza sauti na bafle zote mbili, zile spika zako nene. Lakini usifurahi haraka. Niko na hasira, na hii barua naiandika na hasira hivi hivi, juu bantu hapa Baraka bamechoka kunisikiliza. Kila mumoja ananiambia, "Mauwa, nyamaza, ni vita, nani hajapoteza?" Kama vile vita njo ilishika bisibisi ikafungua redio yako. Vita haikushika bisibisi. Baba Mudogo njo alishika.

Acha nianze vizuri, juu we hukuona mwisho. Ile siku balikupiga masasi mu barabara ya Fizi, Sadi rafiki yako alikuwa kando yako mu gari, na we njo ulimusukuma aruke mu majani. Bale bantu ba bunduki balichukua mafuta, magunia ya mihogo na viatu vyako. Gari bakaiacha juu pineu ya gurudumu ilikuwa imepasuka. Sadi akakubeba mupaka Fizi-Centre, akanitumia muntu, nikapanda na miguu. Njo mi nilikuosha, Kaka. Njo mi na Sadi tulikuzika kule juu, nyuma ya kanisa, juu njia ya kushuka ilikuwa imefungwa na hatukuwa na namna ya kukupeleka Lubondja kwa Mama. Jeneza hakuna. Nilikufunga mu kitenge yangu ya kijani, ile ulikuwa unasema inanifananisha na shamba ya maharagi.

Njia ilipofunguka kidogo, Sadi akatengeneza pineu, tukashusha gari Baraka. Baba Mudogo akatupokea ku mulango. Baba Mudogo, ndugu ya baba yetu, mwenye alikubeba mu mugongo ukiwa mutoto. Hakuuliza kaburi iko wapi. Aliuliza funguo iko wapi.

Alisema gari ni ya familia. Sawa, iwe ya familia, Sadi aendeshe, batoto bako bakule. Lakini juma haikuisha nikakuta shimo mu gari pale penye redio, na waya zinaning'inia kama matumbo ya kuku. Alikuwa ameuza redio, ampli na bafle kwa mwenye bar mumoja ku Misisi. Nikamuuliza juu ya nini. Akanijibu, "Gari inatembea na mafuta, haitembei na muziki." Na mu ile shimo akarudisha redio ya kiwanda, ile ya kwanza kabisa, yenye tulikuwa tumeachia batoto bachezee.

Unaikumbuka? Gari ilitoka Japani na redio yake, na namba zake zinaishia ku tisini, inatafuta masitasyo ya kwao. Huku kwetu ilikuwa inashika kelele tu. We unaigonga na ngumi, unasema, "Hii inasikilizaka bantu benye habako." Na spika zake za mu milango, ndogo, za karatasi, ukiongeza sauti zinalia kama nzi mu chupa. Njo ukaagiza Kigoma. Ikaja redio ya kaseti yenye kushika mawimbi mafupi, tukawa tunasikia habari ya vita yetu toka ngambo mbele ya kuisikia kwa jirani. Ikaja ampli yenye kitundu cha mikro ya kusemea. Zikaja spika mbili nene, ukamuambia seremala azitengenezee masanduku ya mbao kule nyuma ya gari, zikawa bafle za kweli, na mi nikazifunika na kitenge ya zamani ya Mama, ile ya samaki nyekundu.

Mi nilishika tochi. Mi nilishika waya. "Nyekundu inalala pamoja na funguo, Mauwa. Ya njano hailale hata siku moja. Ukiiunga mubaya, kila asubui redio inaamuka imesahau kila kitu." Ulinirudilia ile neno mupaka nikakuambia nitakupiga na ile bisibisi.

Na Baba Mudogo anaita ile kazi yote muziki. Kama haelewe, mi nitaandika hapa, hata kama we unajua.

Tangu vita ianze, kifo mu Fizi yote imekuwa ya mudomo. Muntu anakimbia, anapotea, jirani anasema amekufa, bibi ananyoa kichwa, kisha siku moja bwana anashuka ku mashua ya Kigoma na mufuko mu bega, amenenepa. Mama yetu mwenyewe alimulilia mujomba hivyo, na mujomba akafika kukula nyama ya matanga yake. Njo juu ya ile bantu balikuita we. Gari inaingia mu kijiji, unaweka kaseti ya kwaya yetu, ile wimbo moja tu, bantu banatoka ku barabara. Kisha unapuliza mu mikro, fuu, fuu, unasema, "Bandugu, nimemuona kwa macho yangu." Hukutangaza muntu mwenye hukuona maiti yake. Balikuletea pombe, ukakataa. Balikutukana, ukakataa. Ulipanda mupaka kule milima juu, ku malisho, ukamuona muchungaji wa ngombe mwenye balimuua, ukatangaza jina lake kwa ndugu zake, na bantu ya hapa bakakukasirikia ati unabalilia bale ba upande ingine ya vita. Ukabajibu tu, "Nimemuona. Na yeye iko na mama, na mama anapaswa kujua."

Basi na mi nikaenda kwa mama yako mwenyewe. Nilitembea mupaka Lubondja, nikamukuta anatwanga sombe, majani ya mihogo, nikamuambia. Hakuacha kutwanga. Akauliza, "Nani ametangaza?" Nikasema ni mi. Akasema, "We hautangazake bantu. Kaka yako njo anatangazaka. Na gari yake haijafika hapa." Nikalia, nikamuonyesha mikono, nikamuambia nimekuzika na hii mikono. Akaniangalia na huruma, Kaka. Akaniambia nikae nikule, eti njaa inanisumbua kichwa.

Pasta akaenda, akakataa. Bibi yako akaenda na batoto, akabakatalia na bo. Kila magaribi anakuwekea sahani yako ya bugali, anaifunika, asubui anaitupia kuku. Bamama ba kanisa bakaanza kusema kichwa yake imeharibika. Haijaharibika hata kidogo. We njo ulimufundisha hivyo, na nilikukasirikia sana ile siku, nikarudia njia yote nikikutukana. Juu nilikuwa nimejua: kama zile bafle hazirudi, Mama atakungojea mupaka siku ya kufa kwake.

Nikapanda pikipiki mupaka Misisi. Ile barabara nisikuambie, mugongo unaniuma mupaka leo. Bar imejaa bachimba zaabu, na wa kwanza kunisalimia mule ndani ni kitenge ya Mama. Samaki zake nyekundu, bière imemwagika juu yake. Nikamuambia mwenye bar kwa heshima, "Papa, vile ni vitu vya marehemu kaka yangu, nimekuja kuvifata." Akacheka, akasema alinunua, ni haki yake. Nikamuambia tena, na heshima ingine kidogo yenye ilikuwa imebaki. Akaongeza sauti ya muziki ili asinisikie. Mu bafle zako we.

Basi nikavua viatu, nikafungua kitambaa ya kichwa, nikakaa chini mbele ya bafle, nikaanza kilio. Usifikiri nilikuwa nadanganya. Ile kilio ilikuwa ndani tangu Fizi, sikuwa nimepata nafasi. Nililia kwa Kibembe, nikakuita jina lako na la baba na la babu, vile inapaswa. Mama mumoja mwenye anauza brochette za nyama pale inje akaacha makaa yake, akaja kukaa kando yangu, akamulilia wake mwenye alibaki mu shimo ya zaabu. Kisha akaja mwingine. Bachimba zaabu bakavua kofia. Nani atakunywa bière mu matanga bila kutoa pole? Mumoja akasimama, akazima muziki mwenyewe. Mwenye bar akazunguka, akasema tunamuharibia kazi, na muzee mumoja pale ku meza akamuambia, "Muachie mutoto abebe vitu vyake, kama si vile tutalala hapa wote." Mbele ya jua kushuka alikuwa anafungua waya yeye mwenyewe, ananiambia, "Beba, mama, beba yote."

Sadi anajua kuendesha, waya hajui. Nilipofikisha vitu Baraka, nikaziunga mi. Nyekundu ku nyekundu, njano ku njano. Ku bafle moja nikageuza plus na moins, chanya ikakaa pa hasi, na sauti ikatoka nyembamba, ile nzito yote imepotea. Nikakusikia kabisa unanifokea: "Moja inasukuma, ingine inavuta, zinakulana!" Nikageuza, na ile nzito ikarudi, ikaingia mu kifua kama zamani. Sadi akashuka mu gari, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na mi nikamuachia huko.

Kisha tukaenda Lubondja. Nilikuwa najua kitu chenye kitatokea na hakukuwa njia ingine. Tulipofika ku nyumba za kwanza, nikaweka kaseti ya kwaya. Nikamuona Mama anatoka. Anakimbia, Kaka, na ile magoti yake. Bunga ku mikono, anapiga vigelegele, anabaita majirani, "Etabo iko anakuja, si nilibaambia!" Bamama bengine balibaki ku milango yao. Akafika ku mulango wa gari. Akaangalia Sadi, akaniangalia mi, akaangalia tena Sadi mu kiti yako. Kisha akazunguka nyuma, akaweka mukono ku bafle, ku kitenge yake, ikiwa bado inatetemeka.

Nikashusha wimbo. Nikapuliza mu mikro, fuu, fuu. "Bandugu, nimemuona kwa macho yangu." Sauti yangu ilitoka kubwa sana, sikuijua. Nikasema jina lako, na jina la baba yetu, na mahali unalala.

Mama akasema, "Rudilia."

Nikarudilia. Akatoa mukono ku bafle, akapanguza bunga ku kitenge, akasema, "Zima sasa, Mauwa. Amefika." Kisha akakaa mu vumbi, akaanza kukulilia.

Matanga ilikuwa vizuri. Bantu balikuja mupaka bengine bakakosa pa kukaa. Baba Mudogo alikuja na yeye, akakula, akalamba vidole, kisha akanivuta kando ati binti yake anaolewa, nipitishe gari mu vijiji nitangaze ndoa. Nikamuambia atangaze na mudomo yake. Gari inatembea na mafuta, haitembei na muziki. Bado ananinunia, na anunie.

Sasa lala, Kaka yangu. Hasira yangu haijaisha, na siombi iishe, juu benye balikupiga masasi banatembea, na hakuna mwenye anabauliza kitu. Lakini sahani yako Mama haiweke tena. Na bantu bameanza kuniita mi. Wiki hii balikuja bamoja ba Lubondja, banataka nitangaze mutoto wao mwenye alipotea, balisikia amekufa. Nikabauliza nani amemuona. Bakasema ni jirani njo alisema. Nikabaambia baende bakamungojee.

Nakuahidi ile: sitatangaza muntu mwenye sijaona, hata baniletee nini. Na barabara ya juu ikifunguka, tutapanda Fizi, Mama mbele kando ya Sadi, mi nyuma na bafle, tukupigie ile wimbo pale nyuma ya kanisa na sauti yote, usikie kama nimeunga vizuri. Mi nafikiri nimeunga vizuri. Kila asubui nawasha redio, na inaamuka pale pale ku sitasyo yenye niliiachia magaribi. Ya njano hailale, Kaka. Haijasahau kitu.

Mudogo wako,
Mauwa