Utafiti Wako wa Upweke

Neema, shoga yangu,

Kukuuliza hali siwezi, na kujisemea kwamba mimi ni mzima sitaki, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo: bado nakuonea wivu. Miezi mitatu tangu barafu ya barabarani itupe gari lako pembeni. Tumekusindikiza uwanja wa ndege ukiwa ndani ya sanduku, mama yako amekuzika Singida, na mimi huku Marekani, kwenye nyumba tuliyopanga pamoja Langley Park, bado nashindana na wewe. Astaghfirullah. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Darasa la saikolojia tulianza siku moja, tukitokea kazini na sare zetu za kutunza wazee. Mimi ndiye niliyekushawishi, sijasahau. Mwalimu akaagiza kila mtu afanye utafiti mdogo. Mimi nikapima kama muziki unasaidia watu kukumbuka maneno. Nikapata alama ya kupita tu. Wewe ukawauliza watu wetu wa Afrika Mashariki wanaoishi hapa wana upweke kiasi gani, kuanzia moja, asiye nao kabisa, hadi tano, aliyezidiwa. Karibu wote wakajibu moja. Ukaandika kwamba kwa kuwa tunaishi pamoja na kutembeleana, upweke hautupati. Mwalimu akausoma mbele ya darasa zima. Nilipiga makofi kuliko wote, huku roho inaniuma.

Kosa nililiona mapema. Si tulizunguka wote nyumba kwa nyumba, mimi nikila sambusa za watu? Ulikuwa unakaa sebuleni, umeshaandaliwa chai, watoto wanapita, mume anasikiliza, ndipo unamwuliza mwenye nyumba kama ana upweke. Nani kwetu atamjibu mgeni kwamba mambo ni mabaya? Yule dereva wa teksi wa Alexandria, anayekula peke yake garini kila siku, alisema, "Namshukuru Mungu, sina neno." Yule nesi Mkenya wa Columbia Heights akacheka: "Aki mimi niko fine, dada, sina stress." Halafu akatubembeleza tusiondoke mapema. Ulichopima ni adabu, Neema. Nami nikanyamaza kimya, nikiweka akiba ya kukuumbua siku utakaposimama mwenyewe mbele ya darasa kuutetea. Hukunipa nafasi, ukafa kabla.

Sasa mwalimu ameniita. Anataka utafiti wako uwe wa kwanza kwenye kijitabu cha kazi za wanafunzi, na mimi, kwa vile nilikuwa rafiki yako, niupitie na kuuandikia utangulizi. Msibani walikufanya malaika. Sasa hata kwenye saikolojia? Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Nikachapa upya madodoso, zile karatasi za maswali, nikayapeleka kwa watu wale wale. Safari hii kila mmoja ajaze peke yake, bila jina, aweke kwenye bahasha na kuifunga. Hata chai nilikataa, wakaniona nina kiburi.

Bahasha zilipofunguliwa, walioandika moja walikuwa wa kuhesabika. Mtu mmoja aliizungushia tano duara mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nilifurahi. Nakwambia yote: nilifurahia kosa lako, wala sikuufikiria upweke wa yule mtu.

Nikateremsha boksi la madodoso yako ya kwanza ili nilinganishe. Lilikuwamo na langu, lile nililolijaza jikoni nikiwa nimekununia. Niliandika moja. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wako, na tarehe ya wiki ile mwalimu alipokusifu: "Saada ananificha. Namsikia akilia bafuni. Kama yeye ananidanganya, wengine je? Nimwombe turudie pamoja, ana jicho kali kuliko mimi."

Hata kosa lako uliliona nawe, tena umenitangulia kuliandika! Na ile sifa, jicho kali kuliko mimi, iliniuma kuliko alama zako zote. Mbona hukuniomba? Najua sababu. Wiki ile yote nilikuwa nakujibu kwa mkato, ungeniomba vipi.

Siku mbili niliificha karatasi ile chini ya nguo zangu. Hakuna aliyejua. Ningeandika kwamba kosa nimeligundua mimi, na ingekuwa kweli, maana nililigundua kwa akili yangu mwenyewe. Ndicho kitu pekee nilichodhani nimekuzidi, Neema. Kimoja tu.

Jana asubuhi niliipeleka kwa mwalimu pamoja na bahasha zangu. Kiswahili hajui, ikabidi nimtafsirie neno kwa neno, hata hilo la bafuni. Nilitafsiri nikitazama dirishani. Akasema utafiti utachapwa na majina mawili, lako la kwanza, na sehemu ya kosa itasema wazi kwamba wewe ndiye uliyeanza kulishuku. Akauliza kama nimeridhika. Nikasema ndiyo. Sikuridhika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Pumzika, shoga yangu, Mungu akulaze pema. Kuacha wivu siahidi, nitakuwa nakudanganya tena. Naahidi hili tu: nikijaliwa kupata rafiki mwingine, kosa lake nitamwambia angali hai.

Wako,
Saada