Kopo la Makaa Chumbani Kwenu

Baba,

Tangu tukuzike, siiamini nyumba yako. Nimekaa sebuleni nikiandika hivi, na naogopa kana kwamba unanisikia kutoka chumbani.

Daktari alipouliza ulivuta sigara miaka mingapi, Mama aliona ametukanwa. Hujawahi kuvuta. Hata ugoro ulikupigisha chafya, tukakucheka. Basi mapafu yako yaliharibiwa na nini? Kule Kitengela, ambako bado mimi ni karani wa wakili, nilisoma kuhusu gesi inayoitwa radoni. Haina harufu wala rangi. Hutoka ardhini na kwenye mawe, hupenya nyufa za sakafu, na nyumba ikifungwa sana hujaa ndani. Ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta saratani ya mapafu. Nikakumbuka ulivyoziba madirisha kwa sababu ya vumbi la malori. Nikakumbuka ule ufa chini ya kitanda. Mama bado analala juu yake.

Niliagiza kipimo: kopo dogo lenye makaa ndani, linaachwa wazi chumbani siku chache, kisha linafunikwa na kupelekwa maabara. Baba mdogo Lemayian, ambaye bado anauza mawe ya machimbo yale yale uliyojengea, alisimama mlangoni nikiliweka chumbani kwenu, akacheka.

"Karani, siku hizi unapima majini na pepo?"

Kisha akaacha kucheka. "Ukiambia watu mawe yetu yanaua, nani atanunua?"

Kwa hivyo nilipokuja Jumamosi nikakuta kopo tupu, nilijua ni yeye. Nilimwambia hivyo mbele ya majirani waliokuja kutupa pole. Mama ndiye aliyejibu, kutoka jikoni.

"Mwache baba yako mdogo. Ni mimi."

Alikuwa amemwaga makaa, akalisugua kopo, akalifukiza kwa kijiti cha moto, akaliinamisha kwenye rafu pamoja na vibuyu vya maziwa. "Makaa ya kusafishia kibuyu hayaachwi ndani, Naserian. Nani alikufunza uchafu huo? Nilidhani umesahau kumalizia."

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea. Ungecheka kutushinda sote. Nilimwomba Baba mdogo msamaha, lakini Baba, alifurahi kupita kiasi kuona kipimo kimeharibika. Bado namtazama.

Leo nimeweka kopo jingine. Mama ameahidi hataligusa, lakini amekataa kuhamia huku sebuleni. "Hii nyumba alinijengea mimi," ameniambia. "Itanidhuru vipi?" Kipimo kinataka chumba kifungwe, kwa hivyo nimefunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye yuko ndani. Namsikia akikohoa. Labda ni vumbi. Wewe pia tulisema ni vumbi.

Kwaheri, Baba. Kipimo kikisema nyumba ni salama, nitakuja kaburini nikuombe radhi, kisha nianze upya kutafuta kilichokuua. Kikisema vingine, hata kama hatutajua kamwe kilichokuchukua, nitapasua sakafu uliyoisawazisha kwa mikono yako nipitishe bomba la kutoa hewa ile nje, na Baba mdogo aseme atakalosema. Uliijenga ili Mama aishi ndani yake. Nakuahidi ataishi.

Mwanao,
Naserian