Kwako Uliyesubiri Vanishi Ikauke

Kwako Faustin, uliyekuwa mchumba wangu,

Dada yako alifika hapa Goma, mtaani Murara, jana baada ya misa, akiwa na salamu zako kutoka Kampala. Anasema unataka turudiane. Anasema umekwisha kuongea na wajomba zako, na kwamba nikikubali watakuja kwa mama kuniomba upya. Na anasema, tena kwa maneno yako mwenyewe, kwamba mimi na wewe hatukuwahi kukosana, ni vita tu iliyotutenganisha. Mama alikuwa ameketi palepale. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwongezea dada yako chai, akasema hayo ni ya Masika kuamua. Basi Masika nimeamua kukuandikia. Barua naiacha wazi, sitaigundisha, maana namjua dada yako: hata ningeipigilia misumari angekuwa ameisoma kabla ya kufika mpakani.

Nimelala na maneno yako na nimeamka nayo. Vita! Faustin, wapo watu ambao vita iliwatenganisha kweli. Nafundisha watoto wao. Kuna msichana darasani kwangu ambaye kila akisikia lori linapunguza mwendo barabarani anainuka kuchungulia kama baba yake anashuka. Wewe usijipange kwenye mstari wa hao.

Lakini nianze na mazuri, usije ukasema sikukupenda. Nilikupenda, na nilikupenda kwa sababu ya vitu vya kijinga. Ulikuwa unakuja Jumamosi na vile vifuniko vinne vya katikati ya magurudumu ya gari lako, umevizungushia taulo kama mayai. Nje hukuweza kuvipaka rangi. Unajua vumbi letu lile jeusi la volkano: halina adabu, linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa, na likikuta rangi mbichi halitoki tena. Kwa hiyo ulihamia sebuleni kwangu, kwenye meza yangu moja, ile ninayosahihishia madaftari na kulia chakula. Ulinifundisha kazi yenyewe. Kifuniko kinang'olewa kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, kisikwaruzwe. Kinaoshwa kwa sabuni, kinasuguliwa kwa msasa na maji mpaka ung'avu wa zamani uishe, kinapanguswa kwa petroli. Halafu rangi ya fedha inapulizwa kidogo, unangoja, unapuliza tena kidogo. "Ukiweka mingi mara moja, inateremuka kama makamasi," ulisema, na mimi nikacheka mpaka nikashika ubavu. Mwisho kabisa ni vanishi, na vanishi, ulisema, haitaki haraka wala vumbi.

Wakati wa kungoja ndipo tulikula sandwichi na kubishana. Wewe na fromaji yako, ile jibini ya Masisi! "Sandwichi bila fromaji ni mukate tu," ulikuwa unasema, huku ukipanga vipande vinene juu ya dagaa wa kopo, halafu juu ya dagaa unamwaga mayoneze. Mimi nilitetea avoka yangu, parachichi bivu, na chumvi, kitunguu na pilipili kidogo. "Ile ni chakula ya batoto bashule," ukanijibu, kisha ukalamba kidole gumba chenye rangi ya fedha kwenye ukucha. Nilikiona kile kidole na sikushtuka. Nilikuwa na tumbo gumu siku hizo.

Sasa twende kwenye ile Ijumaa.

Bosi wako alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, na gari lako lilikuwa limechaguliwa kwa msafara wa harusi, tena nafasi ya pili, nyuma tu ya gari la bibi harusi. Ulikuwa unaitaja hiyo nafasi ya pili kila ulipofungua mdomo. Ulikuwa umeliosha gari mpaka chini ya tumbo lake na kuliegesha mbele ya nyumba. Asubuhi ukaingia na vifuniko, na kwa sababu upepo ulikuwa unavuma, ukapanda juu ya kitanda changu, ukashusha chandarua, ukakitundika juu ya meza. Vifuniko vinne vya gari vikalala ndani ya chandarua changu, safi, vimetulia. Hapo nilikuwa bado nacheka.

Wiki hiyohiyo vita ilikuwa inashuka kutoka kaskazini. Watu wa Kiwanja, huko kaskazini, walikuwa wameanza kuingia mjini, ua wa parokia ulikuwa umejaa vibanda vya mashuka, na wewe ulilalamika kwamba wanapika kandokando ya barabara na moshi unachafua kioo. Mama yangu alikuwa bado kijijini Kalengera. Alikataa kuondoka kabla ya kuvuna maharagwe, unajua kichwa chake. Halafu mama akapiga simu, ukiwa unapuliza vanishi ya mwisho.

"Masika, niko Kibumba. Ile moto imenishusha, mutu wake amegopa kuendelea. Miguu imevimba, viato haviingie tena. Gari ya Faustin iko? Anifikie pale Kanyaruchinya tu, mutoto wangu. Sitaki mbali. Pale tu."

Ulisikia kila neno, kwamba pikipiki imemwacha njiani, maana simu yangu ilikuwa ya kupiga kelele. Nikakata mkate mzima. Nilimfanyia mama ile sandwichi ambayo sikuwahi kukufanyia hata wewe: fromaji yako, avoka yangu, yai la kuchemsha, kitunguu kilichokatwa laini kwa sababu ya meno yake. Nikaifunga kwa kitambaa safi, nikaiweka mezani na chupa ya maji, nikasema twende. Wewe ukainua ncha ya chandarua, ukainama, ukatazama vanishi ya vifuniko vyako.

"Verni haiyakauka."

"Acha ile vifuniko hapo. Gari inatembea bila vifuniko."

"Na ile matope ya Kibati? Nimeiosha jana, Masika. Kesho niko nyuma ya bibi arusi. Batu bataona nini?"

"Bataona mama yangu mu gari."

"Atakuja na mizigo, na majivu, na ile harufu ya njiani. Sisemi vibaya, mimi mwenyewe minamupenda. Lakini tungojee kidogo. Ikauke, nivirudishie, njo tutaona."

Nilitoka mbio kutafuta pikipiki. Hazikuwepo, kila mwenye pikipiki mtaani alikuwa amepanda kaskazini kufuata watu wake. Jirani yetu fundi wa mbao, yule ambaye gari lake linawashwa kwa kusukumwa, alikuwa amekwenda na kurudi mara kadhaa, na wakati huo lilikuwa limemfia njiani. Nilimwomba kila mtu mwenye chombo mpaka sauti ikakauka. Saa zikapita, sikupata kitu. Nikarudi nyumbani kuchukua ile sandwichi na maji nipande kwa miguu kumlaki mama njiani.

Ulikuwa unakula.

Ulikuwa umefungua kile kitambaa, umekitandaza mapajani ili makombo yasianguke karibu na rangi, na umeongeza mayoneze. Uliniangalia bila wasiwasi wowote, na mdomo umejaa. "Mukate ingekauka bure," ukasema. Na ukaendelea, Mungu wangu, ukaendelea kunieleza kwamba avoka na fromaji havipatani, kwamba siku nyingine niweke dagaa, na kwamba yai linafunika ladha. Kulikuwa na mayoneze kwenye pembe ya mdomo wako, imechanganyika na kitu cha kijani, na ilikuwa inapanda na kushuka unavyoongea. Faustin, mpaka leo nikiona mayoneze natoka nje. Kwenye sherehe za shule wenzangu wanadhani nina mimba.

Nilikata mkate mwingine, nikatoka. Sikufika mbali. Pale kwenye kona ya mtaa nilimwona mama anashushwa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, katikati ya magunia ya kabichi. Mwenye chukudu alikuwa kijana ambaye mama hakumjua kabisa. Alimkuta ameketi kando ya barabara, akapanga kabichi zake upya, akampatia nafasi. Nilimpa ule mkate, akaula palepale amesimama, na yeye ndiye akatushukuru, kisha akaendelea sokoni.

Mama aliingia kwangu peku, viatu mkononi. Miguu yake sitaieleza. Vumbi lilikuwa limemshika mpaka kwenye kope, na alipofika mlangoni alifungua kitenge chake cha juu ili ajipanguse uso. Nawe uliruka. Nakumbuka nilifurahi ulivyoruka, nilidhani unakwenda kumpokea furushi. Ulikwenda kusimama mbele ya chandarua, umefungua mikono yote miwili.

"Mama, pole, pole sana, lakini usikungute vumbi humu. Verni haiyakauka. Kunguta inje kwanza."

Na mama akasema, "Pardon, mutoto wangu."

Alirudi nje. Alisimama pale uani juu ya mawe ya volkano, yale yanayokata hata mwenye viatu, akakung'uta kitenge, akakikung'uta tena, akajipiga-piga mabega na sketi. Kila mara alikuwa anakutazama wewe kupitia mlangoni. Halafu akauliza, kwa ile sauti anayomtolea padri: "Niko safi sasa?"

Nimejaribu kuwaeleza watu kile nilichosikia tumboni saa ile na sijaweza. Haikuwa hasira. Hasira naijua, mimi ni mwalimu. Ilikuwa kinyaa, kile cha kuuma chapati na kukuta unywele mrefu unakuja nao, na unajua hujui umemeza mwingine kiasi gani. Nilikuwa nimemeza miaka.

Nilishusha chandarua. Nilikishusha kwa nguvu na sikujali kilipita juu ya nini. Nilikitundika tena kitandani, nikamlaza mama, nikaleta beseni la maji ya moto na chumvi kwa miguu yake. Wewe ulikuwa unalia mezani. Ulikuwa unalia kweli, Faustin, na machozi, kwa sababu vumbi lilikuwa limeshika vanishi. Mama akiwa amelala pale akanong'ona nikuombe msamaha. Nikakuja, nikakuambia maneno matatu, na mama ni shahidi, na fundi wa mbao aliyekuwa anapita ni shahidi: "Usirudi hapa kwangu."

Ulivikusanya vifuniko kwenye taulo. Mlangoni ukageuka, ukanijibu kwa upole, bado ukiniita mpenzi, kama mtu anayemwelewa mgonjwa: "Ni mambo ya vita, sheri. Itapita."

Kesho yake nilikuwa nampeleka mama kwenye zahanati, ameniegemea, tunapita polepole kati ya watu waliobeba magodoro kichwani. Msafara wa harusi ukaja na honi zake na utepe mweupe. Gari la pili lilikuwa lako. Vile vifuniko vilikuwa vinang'aa, na vilikuwa vimetoka vipele vyeusi kila mahali, nilivyoviona mimi niliyejua pa kuangalia. Ulitupigia honi. Ulitupungia mkono na ukacheka, ukiwa na tai. Mama akakupungia pia. Majuma machache baadaye vita ilipofika karibu na mji ulivuka mpaka na gari lako, na hukupita hata kuuliza kama ile miguu ilipona.

Ilipona, kwa vile umeanza kuuliza sasa. Kucha mbili hazikurudi. Lakini kuna kingine ambacho hakikupona. Mama anaishi hapa kwangu, ni nyumbani kwake, na kila akitoka sokoni au kanisani anasimama uani kwanza, anakung'uta kitenge chake, mara mbili, ndipo anaingia. Nimemkataza. Nimemkemea. Nimelia mbele yake. Anasema ni mazoea tu, nyumba ni ya watu. Na ukitajwa wewe anakutetea: "Alikuwa na arusi ya patron wake, mwanaume anahangaika." Hapo ndipo kinyaa kinanirudia upya. Umemfanya mama yangu aone kwamba ulikuwa na haki.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Wajomba zako wasipoteze nauli. Chakula cha wageni hakitapikwa, na mama hatatandika kitambaa kwa ajili yao.

Nakutakia afya huko, na nasema hivyo bila kinyongo, watu wengi wamekufa tayari. Lakini hayo maneno yako uyaache. Kama kuna mtu huko Kampala anayekuuliza kwa nini hukuoa Goma, usimwambie ni vita. Vita ina mengi ya kujibu kwetu. Ilituchukulia shamba la Kalengera pamoja na maharagwe yake. Ilichukua nyumba aliyoijenga baba, na mjomba wangu hatujui hata amelala wapi. Yote hayo ni yake, na siku moja itayajibu.

Wewe haikukuchukua. Wewe nilikuacha mimi.

Aliyekuwa mchumba wako,
mtoto wa mama yangu,
Masika